Njia ya Griftu Imekufa, Njia ya Griftu Iko Hai

Jumamosi, 6 Machi 1999

Naanza daftari hili kwa kiapo. Nitaandika kila kitu, hata yale yatakayoniaibisha. Mwalimu Diriye, anayetufundisha fizikia, anasema mwanasayansi anayeficha makosa yake ni mchuuzi tu. Mimi si mchuuzi. Mimi ni Kinsi, kidato cha tatu, na leo nimechaguliwa!

Kongamano la sayansi la shule, Thika. Miradi miwili kutoka shule yetu. Wa kwanza ni wa Sahro: sabuni ya mwarobaini. Wa pili ni wangu: Namna ya Kufikisha Barua za Kompyuta Njia Inapokatika kwa Muda. Sahro alisema kichwa cha mradi wangu ni kirefu kuliko mradi wenyewe. Darasa lilicheka. Nami nilicheka kidogo, kwa adabu.

Basi litaondoka Jumamosi ijayo, saa kumi na mbili asubuhi. Sharti ni moja. Idhini ya mzazi kwa maandishi, mkononi mwa Mwalimu, kabla injini haijawashwa. Baba yake Sahro ni karani hapa hapa Garissa. Alitia sahihi amesimama, bila kusoma. Aabo, baba yangu, yuko Griftu na ngamia. Na Alhamisi anahamia malisho ya mbali, ng'ambo ya Hadado, ambako hakuna simu wala redio. Nikikosa neno lake, nimeikosa Thika.

Nilimwomba Abti Abdikafi aandike yeye. Ni kaka yake Hooyo, mama yangu; naishi kwake, ananilisha, ananisomesha. Alikataa. Alisema abti haruki kichwa cha baba.

Lakini Abti ni fundi wa shirika la visima! Shirika lina kompyuta Garissa, Wajir, Hadado na Griftu, na zote huzungumza kwa redio. Kila kompyuta ina jedwali lake la njia. Barua ya Griftu hupitia Wajir. Wajir ikishindwa kuifikia Griftu moja kwa moja, huizungushia Hadado. Mradi wangu umetoka hapo. Abti aliipeleka barua yangu adhuhuri. Kabla ya alasiri Sadiyo, karani wa Griftu, alijibu kwamba imefika. Kwa miguu ni siku kumi!

Nina matumaini. Nimepiga pasi sare ya safari.

Jumapili, 7 Machi

Aabo alifika kwa Sadiyo na kusomewa barua. Akasema vyema, atafikiri, atajibu kesho.

Leo nimejua kwa nini njia ya Wajir na Griftu hukatika kila mara. Nilidhani ni jua. Au mawingu. Au majini. Ni ngamia! Antena inayoelekea Wajir iko kwenye mlingoti kando ya soko la mifugo, na katika Griftu nzima huo ndio mti pekee usio na miiba. Ngamia huja kujikuna. Mlingoti unayumba, redio inapotea dakika mbili, tatu, mwenye ngamia anapiga kelele, ngamia anaondoka, redio inarudi. Wakati huu wanakusanya ngamia wa kuuza kabla ya Idd, kwa hiyo foleni ya kujikuna ni ndefu. Antena ya Hadado iko juu ya tangi la maji. Huko ngamia hafiki.

Sasa, kompyuta hufanya nini njia ikikatika? Hakuna! Hungoja tu. Abti ameziamuru zingoje dakika kumi kabla ya kutangaza kwamba njia imekufa. Dakika kumi! Nilimwuliza kwa heshima kama huo si uvivu. Abti alisema ngamia anayejikuna si ngamia anayehama. Nikauliza maana yake. Akasema maana yake ni kwamba ninywe chai.

Nimefikiri hadi chai ikapoa. Njia ya Hadado iko pale, nzima, haina soko, haina ngamia. Ni ya polepole, lakini ipo. Kwa nini barua ikae inangoja mnyama amalize kujikuna? Mtu yeyote aliyefaulu hesabu anaona. Sekunde moja inatosha.

Jumatatu, 8 Machi

Abti ameondoka alfajiri kwenda Modogashe kutengeneza redio. Atarudi Jumatano. Ofisi iko ua mmoja na nyumba yetu, naye ameniachia ufunguo nichapishe barua zinazoingia baada ya shule. Alisema nisiguse kitu kingine. Nimeapa kuandika kila kitu, kwa hiyo naandika: nimegusa kitu kingine.

Ni namba moja tu. Kompyuta ya Garissa ndiyo huwapa wenzake amri. Muda wa kungoja ulikuwa sekunde 600. Nikafuta, nikaandika 1. Zote nne zilikubali. Hakuna hata moja iliyolalamika.

Saa tisa na nusu Sadiyo aliandika kwamba Aabo amesema maneno yake yote, naye amekwisha kuyapiga chapa. Moyo wangu! Barua ikaanza kuingia mstari kwa mstari.

Nieleze jambo. Aabo hawezi kujibu swali kabla ya kutoa habari. Kwetu hakuna mtu mzima awezaye. Anayefika huulizwa habari, naye huzitoa kwa mpangilio: mvua, malisho, mifugo, watu, na mwisho kabisa jambo lililomleta. Kuanza na jambo lenyewe ni tabia ya mtu aliyekimbizwa na simba. Kwa hiyo Thika yangu iko mwisho, nyuma ya ngamia kumi na mmoja.

Basi ikaja. Salamu. Afya ya Hooyo. Mvua, hakuna. Majani, machache, upande wa kaskazini. Ngamia Magool amezaa. Quruxley anachechemea mguu wa nyuma. Hapo ikakatika. Na sekunde moja baadaye, walaahi, sekunde moja, njia ikahamia Hadado! Barua ikaanza upya. Salamu. Afya ya Hooyo. Mvua, hakuna. Kisha njia ya Wajir ikarudi, barua ikahamia huko, ikaanza upya. Salamu.

Hadi magharibi njia ilikuwa imebadilishwa mara kumi na nne. Mara kumi na nne! Abti hajawahi hata mara mbili kwa siku. Sijapata jibu la Aabo, lakini nimepata data. Nitachora grafu.

Jumanne, 9 Machi

Nimempelekea Mwalimu Diriye grafu. Alisema mabadiliko ni mengi mno. Nikasema asante. Akasema hakuwa anasifu. Sielewi. Mwalimu yule yule alisema mradi bila mabadiliko ni picha ya ukutani.

Sahro akauliza mbele ya wote, "Haye Kinsi, baba yako amekubali?" Nikajibu kwa ukweli kwamba hadi sasa Quruxley anachechemea. Akasema, "Nimekuuliza baba, abaayo, sikukuuliza ngamia." Sasa kidato chote cha tatu kinaniita Quruxley. Niliwaeleza kwamba jina hilo maana yake ni mrembo. Haikusaidia.

Ofisini baada ya shule. Barua ya Aabo imejaribu kuingia mara kumi na tisa. Mara moja ilifika hadi ngamia wa nane, Dhibic, aliyepotea siku mbili akapatikana. Wa tisa sijamwona. Barua nimeihifadhi moyoni kama sura ya Kurani.

Jambo jingine la ajabu. Mashine imejaa matangazo. Njia ya Griftu imekufa. Njia ya Griftu iko hai. Njia ya Griftu imekufa. Kila ngamia akijikuna, kompyuta zote nne zinapashana habari, kisha zinapashana tena kwamba hakukuwa na jambo. Nilihesabu hadi 340 nikaacha. Njia ya redio ni nyembamba. Matangazo yakipita, barua inasimama pembeni kama mbuzi anayepisha lori.

Nikabuni mbinu. Nikamwandikia Aabo barua fupi kabisa: "Naomba neno moja, ndiyo au hapana." Fupi hivyo itapenya, nilisema. Wajir ikaipokea, ikasema njia ya Griftu imekufa, ipite Hadado. Hadado ilikuwa imesikia habari ya zamani, ikasema njia yangu ndiyo mbovu, ipite Wajir. Wajir ikairudisha Hadado. Hadado ikairudisha Wajir. Mara arobaini na moja! Sikujua nicheke au nilie. Kwa upande mmoja haijapotea. Kwa upande mwingine haijafika. Sijui jambo hilo linaitwaje. Nimeliandika kwenye grafu kama "mwendo".

Sadiyo alifanikiwa kupenyeza mistari miwili. Aliandika: "Abaayo, huko kwenu kuna nini? Mashine inalia kama fisi, na mzee wako amekuja anauliza nani amekufa, maana kila dakika inasema imekufa, imekufa. Amekwisha kumwombea."

Jumatano, 10 Machi

Abti amerudi. Aliyasoma matangazo hadi la mwisho. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alifuta 1, akaandika 600, akakaa.

Kisha akaniuliza swali. Jirani akinyamaza dakika mbili katikati ya mazungumzo, unamchimbia kaburi? Nikasema hapana. Akasema jirani ameinuka kuswali, au amekwenda kufukuza mbuzi jikoni. Unangoja. Akirudi mnaendelea pale mlipoachia. Barua nayo ndivyo. Ikingojewa, inaendelea ilipokatikia. Ikihamishiwa njia nyingine, inaanza upya. Nyumba yako ikitangaza msiba kila ng'ombe akipiga chafya, alisema, siku ya msiba wenyewe hakuna atakayekuja.

Aliuliza kama nimeelewa. Nilisema nimeelewa. Naandika hapa kwamba nilisema hivyo.

Baada ya hapo habari mbaya. Griftu imenyamaza kabisa! Wajir inasema neno la mwisho la Sadiyo lilikuwa betri. Matangazo yangu yameinywa yote, usiku na mchana, na sola yao ni ndogo. Abti anasema barua ya Aabo iko salama ndani ya mashine, nzima, itatoka betri ikipata jua la kutosha. Nikauliza lini. Akasema labda Ijumaa. Nikauliza labda ya Ijumaa ina uhakika kiasi gani. Akachukua kofia yake akaenda msikitini, ingawa muda wa swala ulikuwa bado.

Na kesho Aabo anahama.

Sabuni ya Sahro imekauka vizuri. Aliniletea kipande ninuse. Inanuka kama dawa ya minyoo, lakini nilisema hongera.

Alhamisi, 11 Machi

Naandika kwa sababu niliapa.

Baada ya shule mlango uligongwa. Mzee Gabow, dereva wa lori la mbuzi, ametoka Griftu juzi, anapeleka mzigo Nairobi. Hawo, mke wa Abti, alikuwa sokoni. Nikamkaribisha mwenyewe. Mkeka, maji ya kunawa, chai ya maziwa. Akaweka fimbo chini, akakohoa, akaanza. Ametoka Griftu. Mvua, hakuna. Majani, machache, upande wa kaskazini. Magool amezaa.

Sikio langu moja lilikuwa ofisini, nikisubiri betri iamke. Nikamwambia kwa heshima kubwa kwamba habari hizo ninazo. Akasema, "Bole bole, mtoto, mimi sijafika." Akaendelea na mguu wa Quruxley. Nikasema, "Adeer, na Dhibic alipotea siku mbili akapatikana. Ninazo zote." Nilidhani namwokolea muda! Akanitazama. Akauliza kama kweli ninazo zote. Nikasema zimefika kwa kompyuta. Akasema, "Haye. Kama unazo, unazo." Akamaliza chai, akaokota fimbo yake, akaenda.

Hawo alirudi akaniuliza Mzee Gabow amesema neno gani la Aabo. Nikauliza neno lipi. Akaketi. Alikuwa amekutana na mzee sokoni akija kwetu, na mzee alimwambia kwamba Aabo, baada ya kusikia mashine ikitangaza vifo siku nzima, alimkalisha na kumpa jibu lile lile kwa mdomo, neno kwa neno. Akiba. Iwapo njia moja itakatika, nyingine ifike.

Ilifika! Ilikaa kwenye mkeka wangu! Ikanywa chai!

Nilikimbia hadi kizuizi cha darajani bila hata kufunga viatu. Askari alisema lori la mbuzi limevuka Tana zamani. Akauliza nimepoteza nini. Nikasema njia ya akiba. Akaniambia nirudi nyumbani kabla mama yangu hajanitafuta. Hooyo yuko na Aabo na ngamia. Leo wamekwisha kuhama.

Nimejaribu kuelewa. Njia ya redio ilishindwa kwa sababu sikungoja. Hiyo ya lori ilishindwa kwa sababu gani? Nimefikiri sana. Labda chai haikuwa na sukari ya kutosha.

Mwalimu Diriye amesema jina langu bado liko kwenye orodha. Ameliandika kwa penseli.

Ijumaa, 12 Machi

Saa nane na robo, watu wakitoka swala ya Ijumaa, Griftu iliamka!

Barua ikaanza. Salamu. Hooyo. Mvua. Magool. Kwenye ngamia wa tano ikasimama. Nilikalia mikono yangu yote miwili. Dakika moja. Dakika mbili. Nilimwona huyo ngamia kwa macho ya moyo, akijikuna taratibu, hana haraka, hana habari na Thika. Dakika ya nne barua ikaendelea pale pale, katikati ya neno! Sita, saba, Dhibic, na wa tisa hatimaye. Anaitwa Barwaaqo na hana shida yoyote. Wa kumi. Wa kumi na moja ameuzwa. Kisha watu: nani ameoa, nani amezaa, nani amekwenda Hajj. Kisha hii, naiandika yote:

"Kinsi, binti yangu. Barua yako nimesomewa mara mbili. Thika sijafika, na mashine hiyo siijui. Huku siwezi kuona kama umekua. Anayekuona kila siku ni abti yako. Neno lake nimelifanya neno langu. Mwulize yeye. Akisema nenda, aandike jina langu kwenye karatasi, nami nimeridhika. Akisema kaa, kaa."

Abti!

Abti yuko chumba cha pili. Ukuta mmoja tu. Namsikia akipuliza chai.

Nikasimama. Nikafika mlangoni. Nikarudi nikaketi. Tangu Jumatano ananijibu kwa maneno mawili mawili. Nikiingia ataniuliza nimejifunza nini wiki hii, na jibu hilo sijaliandaa. Na anakula sambusa. Jambo zito kama hili haliombwi kwa mdomo, mlangoni, kwa mtu mwenye sambusa mkononi. Linataka maandishi. Tena mimi si ndiye mwenye mradi wa kufikisha barua? Nikimfikishia barua moja tu, safi, kwa wakati wake, ataona mwenyewe kwamba nimekua. Hiyo ndiyo hoja yangu yote.

Ana kompyuta mezani kwake. Barua zote za shirika, hata za chumba hadi chumba, hupangwa Wajir kwanza. Ni zaidi ya kilomita mia tatu kwenda, na mia tatu kurudi, lakini redio haichoki. Leo redio ya Wajir ina mngurumo kidogo. Kwa usalama nimetuma na nakala ya pili, izungukie Hadado. Na ile namba nimeirekebisha, kidogo sana. Abti alikataza moja. Nimeweka mbili. Ni subira mara mbili ya ile ya Jumatatu!

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Basi ni saa kumi na mbili asubuhi. Sare imepigwa pasi tena. Mashine imeanza kutangaza jambo fulani kuhusu njia ya Wajir, lakini sijaangalia. Nanakili hapa barua yenyewe, kila neno, kama nilivyoapa:

"Kwa Abti Abdikafi, chumba cha pili. Assalamu alaikum. Aabo amesema neno lako ndilo neno lake. Je, naweza kwenda Thika kesho? Naomba unijibu mara tu uipatapo, kwa njia hii hii."